Kalamu Mbili za Fundi Miwani

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema usije ukahangaika kumtafuta, maana humu watapita watu wenye vyeo na waliovaa vizuri kunizidi, na msomaji mwenye haraka anaweza akampa mwingine haki yangu.

Kazi yangu ni fundi miwani. Napima macho, nachonga vioo, nakaza skrubu ambazo zikidondoka sakafuni huzioni tena mpaka siku ya kuhama. Ufundi huu nimeusomea kwa makofi. Bosi wangu wa kwanza alikuwa na hesabu rahisi: fremu moja ikivunjika, kofi moja. Nilivunja nyingi. Na kabla yake nilishachapwa shuleni miaka miwili mfululizo kwa kosa la kutonakili kilichoandikwa ubaoni. Mwalimu alisema mtukutu. Baba alisema mvivu. Dada yangu, aliyenizidi miaka tisa na kunilea baada ya mama kuondoka, alinikalisha kwenye ngazi za nyumba akaniuliza, "Hebu niambie, ukitazama ubaoni unaona nini?"

Nikamwambia naona ukungu wenye chaki.

Kesho yake akanishika mkono, akanipeleka kupimwa. Kwa hiyo macho yanayonipa ugali wangu ni ya Dada. Lishike hilo, maana mimi nililiachia.

Dada ni mwalimu wa picha kwenye makumbusho ya sanaa. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na kundi lake la watu ishirini hivi: walimu, wanafunzi, wastaafu, na wapenzi wawili watatu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kukaa bure. Alikuwa na utaratibu wake. Mnasimama mbele ya picha, mnanyamaza mpaka yeye amalize kuhesabu mia moja kimoyomoyo. Kisha kila mtu anataja anachokiona, kitu kimoja kimoja: beseni, dirisha, mwanamke, ufa ukutani. Kusema maana yake kabla wote hawajataja wanachokiona ni kosa kubwa. Ukiteleza, anakukatiza na kukurudisha kwenye beseni.

"Maana itakuja," alikuwa anasema. "Haina miguu mifupi."

"Dada," nilikuwa namtania, "dukani kwangu mtu akinyamaza mpaka mia moja najua kalala kwenye mashine."

"Ndiyo maana wateja wako wote wanatoka na kengeza kama lako."

Kengeza lilikuwa jina langu la utotoni. Alikuwa halitumii mbele za watu, ila akikasirika sana au akinipenda sana.

Sasa, kwenye makumbusho hayo kulikuwa na mchoraji mmoja mwenye vyumba vitatu peke yake. Alikuwa hai bado. Karibu kila siku alikuja, akavua kofia, akakaa chumba cha tatu kwenye kiti alichowekewa na walinzi, kofia magotini. Walinzi walimwita Mzee wa Kiti, na sisi wengine tukafuata. Chumba cha kwanza kilikuwa na picha za ujana wake, buluu tupu, buluu ya kukufanya utake kuigusa uone kama kidole kitatoka kibichi. Chumba cha pili, buluu na rangi nyingine zikipatana. Chumba cha tatu, udongo. Miaka kumi na moja ya udongo: kitanda cha udongo, taa ya udongo, ngazi za udongo, beseni la udongo. Hakuna hata tone la buluu.

Mke wa Mzee alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Dada akaunganisha mambo hayo mawili na kuandika kitabu, *Miaka ya Udongo*. Kilimla miaka saba. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzuri, kama hoja zote zinazomfanya mtu aseme "kumbe!": mchoraji alimzika mkewe, na buluu akaizika naye. Kila Alhamisi alasiri Dada alikwenda nyumbani kwa Mzee na karatasi zake, akakaa mkabala naye, akamsomea alichoandika wiki hiyo. Mimi niliziita ziara hizo Ibada ya Alhamisi. Alikuwa anarudi uso unang'aa.

"Leo nimemsomea sura ya sita. Amenyamaza kabisa, hata kukohoa hakukohoa. Nadhani alikuwa analia kwa ndani."

"Au amelala."

"Wewe huna moyo."

"Ninao. Upo kwenye matengenezo."

Makumbusho yalikuwa yamekubali kukichapa kitabu na kukiingiza mashuleni, lakini bodi ilitaka kwanza kuona na kusikia. Jumamosi moja wangetembea na kundi vyumba vyote vitatu, wamsikilize Dada, kisha waamue. Wakiridhika, kitabu kinatoka. Wasiporidhika, miaka saba inarudi kwenye boksi la viatu lililokuwa chini ya kitanda chake. Wiki nzima Dada hakula vizuri. Alipita dukani kunialika.

"Njoo. Vaa shati lenye vifungo vyote. Na mdomo ufunge."

"Mdomo haujashonwa kifungo, Dada."

"Basi ushikilie kwa mkono. Nakuomba, mdogo wangu. Siku moja tu."

Akisema "mdogo wangu" ujue anaomba kweli. Niliahidi. Nilikwenda na shati lenye vifungo vyote, na kalamu mbili mfukoni kama kawaida yangu, moja nyeusi ya kuandika namba za macho, moja ya buluu ya kuandika namba za fremu. Kalamu zenyewe ni pacha: mwili mweusi, kofia nyeusi. Ukitaka kujua ipi ni ipi unatazama kidoti kidogo cha rangi kwenye kitako.

*

Bodi ilikuja na watu wanne, lakini mwenye neno alikuwa mmoja, Bi Mwenyekiti, mama mrefu mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Miwani yake ilikuwa imekaa upande, skrubu ya kushoto imelegea. Iliniwasha kama upele. Kutoka mlangoni niliona pia kwamba mama huyu alikuwa amechoka, amekuja kwa sababu ratiba imesema aje, na angemshukuru yeyote ambaye angemchangamsha. Mimi watu wa namna hiyo nawajua kwa harufu. Ndio mtaji wangu.

Chumba cha kwanza kilipita salama. Dada alisimama wima, mikono nyuma, akawanyamazisha hata bodi mpaka mia moja. Watu wakataja: mashua, kamba, shati limeanikwa, anga. Nilishikilia mdomo.

Chumba cha pili kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake vitu kutoka meza ya Mzee: brashi zilizonyonyoka, kitambaa, na safu ya tyubu za rangi kuukuu zilizokamuliwa. Kila tyubu ilikuwa imezungushiwa uzi kwenye kitako.

"Mnaona nini?" akauliza Dada.

"Tyubu," akasema mmoja.

"Uzi," akasema mwingine.

"Uzi haulingani," akasema karani mstaafu wa posta, mzee mfupi aliyekuwa haachi kitu kimpite. "Hii ina mzunguko mmoja. Ile miwili. Zile za mwisho kushoto zina mitatu."

"Vizuri sana. Uzi huu ulifungwa na mkewe," Dada akasema, na sauti yake ikashuka kidogo, ile sauti ya Alhamisi. "Alikuwa hachori, lakini hakuna rangi iliyofika kwenye picha bila kupita mikononi mwake. Aliifunga kazi ya mumewe kwa mkono wake, mzunguko kwa mzunguko, kama mtu anayefunga ndoa upya kila asubuhi."

Bi Mwenyekiti alikuwa anatazama saa.

"Zilikuwa zinavuja," nikasema. "Fundi bomba yeyote angekwambia."

Sijui ilitokaje. Watu wakacheka. Bi Mwenyekiti naye akacheka, akageuka kunitafuta kwa macho, na miwani yake ikazidi kwenda upande. Kicheko kile kilikuwa glasi yangu ya kwanza ya pombe. Dada alinitazama mara moja tu, kisha akawaongoza watu chumba cha tatu.

Mzee alikuwa pale, kwenye kiti chake, kofia magotini. Bi Mwenyekiti akamwamkia kwa heshima zote na kunyoosha mkono. Mkono wa Mzee ukapita kando ya mkono wake, ukarudi, ukaupata. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi. Mimi ndiyo kazi yangu.

Tukasimama mbele ya picha ya kitanda. Kitanda, mtu amejifunika, kando yake taa, na kuizunguka taa duara la mwanga hafifu, kama pete. Dada akahesabu. Nami katika ile mia moja nikafanya kosa la kutazama kweli.

"Pete ya mwanga kwenye taa," akasema karani wa posta ulipofika wakati wa kutaja. "Na hapa chini kuna mwaka. Samahani, mwalimu, mwaka huu si miaka miwili kabla ya msiba?"

Dada alikuwa amejiandaa. Sura nzima ya kitabu ilikuwa inajibu swali hilo.

"Ndiyo. Picha mbili za kwanza za udongo, hii na ile ya ngazi, zilitangulia kifo. Moyo wa msanii ulijua kabla. Na pete hii ya mwanga ni roho inayoanza kuaga. Ngazi zile nazo, mnaona, zinapanda na hazifiki popote."

Hapo, ndugu msomaji, ningeweza kuuma ulimi. Lakini pete ya kwenye taa naisikia kila siku ya Mungu. Mtu anaingia dukani, anakaa, anasema: fundi, nikitazama taa naona pete. Ananiambia nguo za buluu anaziona nyeusi. Ananiambia dunia imekuwa kama imemwagiwa chai. Na ninajua ugonjwa wake kabla hajavua miwani. Nikamtazama Mzee aliyekaa chini ya dirisha, mwanga ukampiga usoni, na nikaona mboni zimeingia wingu la kijivu, zote mbili.

"Moyo ulijua kabla," nikasema kwa sauti. "Na jicho je, lenyewe halikuulizwa?"

"Tafadhali," akasema Dada.

"Acha aseme," akasema Bi Mwenyekiti, akitabasamu tayari.

Basi nikasema. Nilikwenda mpaka kwenye kiti, nikachutama mbele ya Mzee, nikatoa kalamu zangu mbili, nikazishika juu watu wote wazione.

"Shikamoo, Mzee. Mimi fundi miwani. Kati ya hizi moja ni ya buluu. Nichagulie."

Mzee alizipokea. Hakuzitazama hata. Alizipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kitako cha hii, kitako cha ile, akarudia tena.

"Anachagua nyanya sokoni," nikawaambia watu. Wakaangua kicheko.

"Hizi hazina..." akaanza Mzee.

"Hazina bei, Mzee, ni bure! Chagua!"

Hapo hata walinzi walicheka. Mzee alinyanyua moja. Nikamwomba mama mmoja aliyekuwa karibu asome kidoti. "Nyeusi!" akasema. Nikageuka kama mcheza mazingaombwe.

"Waheshimiwa, hakuna msiba humu. Buluu haijazikwa na mtu. Huyu mzee wetu ana mtoto wa jicho, basi. Hiyo roho inayoaga mnayoiona kwenye taa, mimi wateja wangu ishirini wanayo kwa wiki, na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa kitabu!"

Walicheka mpaka mama wa kidoti akashika ukuta. Bi Mwenyekiti alivua miwani, akafuta machozi. Nilimwomba anipe, nikaikaza skrubu ya kushoto hapo hapo kwa bisibisi yangu ndogo, nikamrudishia. Akaivaa, ikakaa sawa.

"Sasa naona," akasema, na hilo nalo likachekesha.

Mzee alikuwa bado ameshika kalamu yangu nyeusi. Nikaichukua taratibu kutoka mkononi mwake. Dada alisimama mikono nyuma, kama alivyosimama chumba cha kwanza, na kutoka nyuma niliona vidole vyake vimeshikana hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nilijiambia nitamwomba radhi tukitoka. Nilijiambia vilevile kwamba ukweli ni ukweli, na kwamba nilikuwa na haki.

Na nilikuwa na haki, jamani. Mzee ana mtoto wa jicho hadi leo. Ndiyo maana nasema mjinga, sisemi mwongo.

*

Barua ya bodi ilikuja wiki iliyofuata. Kitabu kimesimamishwa, kitazungumzwa kwa mara ya mwisho mwisho wa mwezi, ila mwandishi asiwe na matumaini makubwa. Dada aondolewe kwenye makundi ya Jumamosi, ahamie stoo ya chini kupanga fremu. Picha za chumba cha tatu ziliteremshwa na kutundikwa kwenye korido ya kuelekea vyooni, na chini yake kibandiko kipya: *Kazi za mchoraji baada ya kuugua macho.* Wanafunzi wa utabibu walianza kuletwa kuzitazama. Walinyoosha vidole kwenye taa na kuchekeana. Kiti cha Mzee kilirudishwa kwa walinzi.

Dada hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikuja dukani asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, kidevu akakiweka kwenye mashine.

"Nipime."

"Dada, sikiliza..."

"Nipime macho. Si ndiyo kazi yako?"

Nikampima. Alisoma herufi zote, mstari kwa mstari, mpaka ule wa chini ambao huwa naweka kwa kujifurahisha tu, maana hakuna anayeufikia. Aliusoma bila kusita.

"Naona vizuri?"

"Unaona kuliko mimi."

"Basi," akasema, akabeba mkoba wake, akatoka.

Nilibaki nimeshika karatasi ya namba. Watani tuna ugonjwa mmoja: tukipigwa tunatafuta la kuchekesha. Nilitafuta siku ile mpaka jioni, sikupata.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya bodi kukaa, alinipigia simu. Sauti kavu. Kabati la kioo nalo limeondolewa, makumbusho yanarudisha tyubu kwa mwenyewe, zipo kwenye boksi, na yeye anakwenda kuzipeleka. "Utanisindikiza," akasema. "Utamwomba radhi mbele yangu. Kisha sitakuomba kitu tena maishani."

*

Nyumba ya Mzee ni ya ghorofa moja, nyembamba, imebanwa na mbili nyingine. Chumba cha chini kina kitanda kilichotandikwa vizuri na hakilaliwi. Ngazi za mbao zinapanda kwenda chumba cha kuchorea. Nilipoziona nilisimama. Nilikuwa nimeziona korido ya vyooni, za udongo.

Mzee alikuwa juu, mbele ya meza. Alitusikia tukipanda.

"Mwalimu," akasema. "Na mwenye kalamu."

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea mbele za watu. Na kama utakubali, nitakupeleka mwenyewe hospitali. Mtoto wa jicho anatolewa asubuhi, jioni umesharudi nyumbani."

"Najua. Mke wangu alikuwa ananiambia hivyo kila wiki. Nikamwambia, wewe unanitosha."

Dada akaweka boksi mezani. Mzee akaingiza mkono, akatoa tyubu moja, na kidole gumba kikashuka kwenye kitako. Kikapapasa. Nilikijua kidole kile. Nilikiona kikipapasa kalamu zangu watu wakicheka.

"Moja," akasema. "Nyekundu." Akaiweka kulia. Akatoa nyingine. "Mbili. Njano." Akaiweka kando yake. Akatoa ya tatu, akaipapasa kwa muda zaidi ya zile nyingine, kama mtu anayeshika mkono wa mtu. "Tatu. Hii ndiyo buluu. Kidogo sana imebaki. Ilikauka."



"Macho yalianza mapema," akasema, huku anaendelea kuzipanga. "Nilikuwa nikishika buluu nadhani nyeusi, nikishika kijani nadhani udongo. Nikamwambia mtu mmoja tu. Akachukua uzi wa cherehani yake, akafunga. Kila asubuhi alipanda kuja kunipangia, buluu mwanzo kushoto. Akinisimamia nyuma ananiambia, hapo umezidisha, hapo ongeza. Hakuna aliyejua. Kisha miguu yake ikakataa. Miaka miwili alilala pale chini, ngazi hizi hakuweza kuzipanda tena. Tyubu mpya zikaja hazina uzi. Nikachora kwa zile nilizokuwa na uhakika nazo."

"Udongo," akasema Dada.

"Udongo huujua kwa harufu."

Dada alikaa kwenye kiti mkabala naye, kile kiti chake cha miaka saba, akaweka mikono mezani. Uso wake ulikuwa umewaka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Basi nilikuwa na haki," akasema. "Ni yeye. Buluu ilikwenda na yeye."

"Ni macho, Dada," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema. "Kasema mwenyewe, macho yalianza."

"Wewe nyamaza! Macho yalikuwa mabovu na buluu ikawepo! Hukusikia? Ilikuwepo mpaka mkewe alipougua! Mzee, Jumamosi bodi inakaa. Twende wote. Uwaambie haya haya, kwa mdomo wako, kama ulivyotuambia. Kitabu kitapona. Nitaandika upya sura ya nyuzi, sura ya ngazi, nitaandika usiku na mchana."

"Siendi."

"Mzee!"

"Nilishakaa mbele yao mara moja. Nikashikishwa kalamu."

Nilitazama viatu vyangu. Dada akanigeukia, amesimama.

"Umesikia? Umeridhika? Mzee wa watu umemtega kama panya, mbele ya umati, ili mama wa bodi akucheke!"

"Na wewe je? Miaka saba umekuja hapa, hukuona anavyoshika vikombe? Mimi angalau nilimuuliza!"

"Ulimuuliza? Ile kwako ndiyo kuuliza?"

"Nilimuuliza ipi ya buluu!"

"Ulijua hajui! Mtu anauliza asichokijua, Kengeza! Mimi nilikufundisha hivyo, kwenye ngazi, ulipokuwa unachapwa kila siku!"

"Basi wewe mbona hukumuuliza yeye?"

Tuligombana hivyo, watu wazima wawili, kama watoto wanaogombea sahani. Mzee alitusubiri. Alikuwa amepata mwisho wa uzi uliolegea kwenye tyubu ya buluu, anauzungusha upya, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mwishowe Dada akaishiwa pumzi. Alipomgeukia, sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

"Lakini kwa nini hukuniambia? Kila Alhamisi, miaka saba, nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Na siku ile watu wote walikuwa pale. Neno moja tu lingetosha. Kwa nini hukusema?"

Mzee akaiweka tyubu mahali pake, ya kwanza kushoto.

"Wewe ulikuwa unasoma, binti. Ndugu yako alikuwa anachekesha. Ningemjibu nani?"